Uzuri wa Chambo

Chambo ni chakula kisichokusudiwa kushibisha. Huwekwa mbele ya mwenye njaa si kwa kuwa anahurumiwa, bali kwa kuwa anatakiwa. Chambo halisi, kama dagaa au kipande cha ngisi, kina nusu ya ukweli ndani yake: samaki akikimeza hupata kitoweo pamoja na ndoana. Chambo bandia hakina hata nusu hiyo. Ni mti, au kizibo, au manyoya, kilichochongwa na kufungwa na kupakwa rangi mpaka kikafanana na kiumbe hai. Waswahili husema kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Ni vitu vichache duniani vinavyoistahili methali hiyo kama chambo hiki, maana ndani yake mna kipande cha mti kwelikweli.

Katika nchi nyingi wako watu watengenezao vyambo hivi majumbani mwao. Hukaa mezani usiku wakichonga, wakipiga msasa na wakipaka rangi, kwa subira ambayo wengi hawaitumii hata katika kazi ya mshahara. Aghalabu ni watu waaminifu katika mambo yao mengine. Hawapunji katika mizani wala hawavunji ahadi. Walakini kazi yao yazaa swali la maadili lisilo dogo. Je, mtu aweza kutia uaminifu wake wote katika kazi ambayo mwisho wake ni kuhadaa? Na kama aweza, hadaa hiyo ni ya namna gani, na mpaka wake uko wapi?

Sanaa yenyewe ni kongwe. Aelian, mwandishi wa dola ya Rumi aliyeandika kwa Kiyunani karibu na mwaka 200 baada ya Kristo, alieleza jinsi watu wa Masedonia walivyovua samaki wenye madoadoa katika mto mmoja wa nchi yao. Samaki hao walipenda kula nzi fulani waliorukaruka juu ya maji. Wavuvi hawakuweza kumtumia nzi mwenyewe, kwani akiguswa na mkono wa mtu hupoteza rangi yake, na mabawa yake hunyauka. Basi walizungusha sufu nyekundu juu ya ndoana, wakafunga juu ya sufu manyoya mawili ya jogoo yenye rangi kama ya nta. Katika habari hii mna jambo la kufikiriwa. Kitu cha kweli kilikuwa dhaifu mno kwa kazi. Kitu cha kuigiza kikawa imara. Mkono ulioharibu nzi ndio uliomuunda upya.

Mfano wa pili ni wa karne iliyopita. Lauri Rapala, mtu wa Ufini aliyezaliwa mwaka 1905, aliishi kwa uvuvi katika ziwa Päijänne. Alikuwa maskini wa mali lakini tajiri wa macho. Katika kazi yake aliona kuwa samaki wakubwa wawindaji huingia kwa kasi katika kundi la samaki wadogo, lakini hawamshiki yeyote tu. Humchagua yule aendaye kombo kidogo, anayeyumba, asiyelingana na mwendo wa wenzake. Mwaka 1936 Rapala alichonga chambo cha kizibo kwa kisu cha mshona viatu na msasa. Alikifunika kwa karatasi ing'aayo ya kufungia chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi, aliyeyusha filamu za picha akapaka juu yake, zikawa ganda la kuzuia maji. Kilipovutwa ziwani kiliyumba kama samaki mgonjwa, na samaki wakubwa walikifuata. Mwaka 1962 gazeti la Life la Marekani lilieleza habari za chambo hicho, na kazi iliyoanza kwa kisu kimoja ikawa biashara ya dunia.

Yafaa msomaji asimame hapa kidogo. Chambo cha Rapala hakikuigiza uzuri wa samaki mdogo. Kiliigiza udhaifu wake. Kilisema kwa lugha ya mwendo: huyu hapa ameumia, huyu hapa hawezi kukimbia. Hapo ndipo siri ya kazi hii ilipo. Chambo hakiumbi njaa, huikuta. Hakimfundishi mwindaji kuonea. Hukuta amekwisha kuumbwa hivyo, kikasimama katika njia ambayo alikuwa ameishika tayari. Mtu mwenye haraka aweza kusema kuwa basi samaki amenaswa na tamaa yake mwenyewe, na mvuvi hana lawama. Hoja hiyo ni ya upesi mno. Njaa ya samaki si dhambi. Hakuichagua, na wala hawezi kuikataa. Kumlaumu aliyenaswa kwa sababu alikuwa na njaa ni desturi ya kila mwenye kutega, na desturi hiyo haiwi haki kwa kuwa imezoeleka.

Ili kulijibu swali la maadili, kwanza yapaswa kuitazama kazi yenyewe. Fundi wa nyumbani huchagua mti mwepesi usio na mafundo. Huuchonga uwe mnene kifuani na mwembamba mkiani. Huupasua tumboni, hupitisha waya kutoka kinywani mpaka mkiani ili samaki mwenye nguvu asiuvunje, kisha huzika uzani mdogo chini ya kifua ili chambo kisigeuke chali. Hufunga bamba dogo chini ya kidevu. Likilala kifudifudi chambo huzama sana, likisimama wima huenda karibu na uso wa maji. Baada ya hayo huja rangi: nyeupe kwanza, kisha kijivu au kijani mgongoni. Magamba hupatikana kwa kutandaza kipande cha wavu mwembamba na kupuliza rangi juu yake, hata wavu ukiondolewa alama zake hubaki. Mwisho ni jicho, na juu ya jicho vanishi.

Hata mpango wa rangi hizo una elimu. Samaki wengi wana mgongo mweusi na tumbo jeupe, kwa kuwa nuru ya bahari na ya ziwa hutoka juu. Mgongo mweusi hupunguza nuru, tumbo jeupe hupunguza kivuli, na kiumbe mwenye unene huonekana kama hana umbo. Mchoraji Abbott Thayer wa Marekani alilieleza jambo hilo mwaka 1896. Samaki mwenyewe, basi, ni msanii wa hadaa kabla mvuvi hajashika brashi. Tena kilindini wako samaki wenye kijiti kinachoota kichwani, na nchani mwake nyama ing'aayo iwavutayo samaki wadogo karibu na meno. Maumbile yalitengeneza chambo bandia zamani sana. Lakini kuwako kwa jambo katika maumbile si hukumu ya kuwa ni jema. Samaki wa kilindini hawezi kukivua kijiti chake; mtu aweza kuliweka chini kisu chake. Palipo na hiari ndipo penye swali.

Kazi ikiisha, fundi hukitia chambo majini, pengine katika beseni, pengine mtoni, akakivuta. Hapa hakuna wa kumbembeleza. Chambo kikilala ubavu, kimelala ubavu, ingawa kilichongwa kwa mapenzi. Maji hayasifu wala hayaoni haya. Fundi hupinda waya kidogo, hupunguza uzani, hujaribu tena. Basi jambo la kwanza la ajabu ni hili: hapana awezaye kumhadaa samaki asipokubali kwanza kuujua ukweli. Hana budi kujua samaki hula nini, saa ngapi, katika kina gani, na kwa nini humwacha mzima akamshika kilema. Hadaa iliyojengwa juu ya ujinga hairudi na kitoweo. Mwongo wa sokoni huuchukia ukweli kwa sababu utamfichua. Mchonga chambo huutafuta ukweli kwa sababu pasipo huo hawezi kuchonga.

Jambo la pili la ajabu humhusu mpaka rangi mwenyewe. Niko Tinbergen, mwanachuoni wa Uholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na Konrad Lorenz na Karl von Frisch, alichunguza samaki mdogo mwenye miiba mitatu mgongoni. Dume wa samaki huyo hupata wekundu tumboni majira ya kuzaana, na humshambulia dume mwingine aingiaye katika eneo lake. Tinbergen aliwaonyesha madume vinyago vya namna mbili. Kimoja kilifanana na samaki kwa kila kitu ila hakikuwa na wekundu. Vingine vilikuwa vibaya, visivyo na umbo la samaki, lakini vyekundu upande wa chini. Madume hawakukijali sana kile kizuri, bali walivishambulia vile vibaya vyekundu. Habari hizo alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 juu ya silika. Maana yake ni kuwa kiumbe hakisomi picha nzima. Husoma alama chache, na kwa alama hizo huamua.

Ikiwa ndivyo, magamba mia mbili yaliyochorwa moja moja huchorewa nani? Tena rangi nyekundu, iliyo nzuri sana mkononi, hupotea majini kabla ya rangi nyingine. Katika mita kumi tu huwa imefifia sana, ikaonekana kama weusi. Nakshi nyingi hazimfikii samaki. Humfikia mvuvi. Kila anayeuza vyambo ajua kuwa havina budi kumnasa kwanza mwenye fedha. Fundi wa nyumbani naye hunaswa na mkono wake mwenyewe: hukitazama alichokipaka, akakipenda, akaogopa kukitupa majini kisije kikapotea. Hapana ubaya katika kupenda kazi ya mikono. Uzuri ni haki ya mtu hata katika mpini wa jembe. Ubaya huanza pale fundi asahaupo ni rangi ipi aliyopaka kwa ajili ya samaki na ipi kwa ajili yake. Aijuaye tofauti hiyo ni msanii. Asiyeijua ni samaki wa pili.

Sasa swali laweza kujibiwa. Je, chambo bandia ni uongo? Kiswahili kina maneno ya kusaidia hapa, nayo yasichanganywe. Uongo ni kumwambia mtu lisilo kweli hali yeye amekuamini. Dhambi yake haimo katika tofauti kati ya neno na jambo peke yake, la sivyo mtunga hadithi angekuwa mwongo mkubwa kuliko wote. Dhambi yake imo katika kuvunjwa kwa imani. Hila ni kumzidi kwa akili asiyekuamini, kama mchezaji wa bao amzidivyo mwenzake, au kama mtego umzidivyo mnyama. Kati ya mvuvi na samaki hapakuwa na neno, hapakuwa na ahadi, hapakuwa na amana. Mvuvi wa Pwani arambazaye nguru kwa mshipi wenye manyoya au kitambaa cheupe hajamsaliti nguru. Amemwinda kwa akili, kama nguru amwindavyo dagaa kwa mbio. Chambo bandia, basi, ni hila; si uongo.

Jibu hili huwatosha wengi, nao huishia hapo. Lakini kutokuwa na ahadi si kutokuwa na deni. Mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti juu ya samaki aina ya trauti. Waliona kuwa kichwani mwa samaki huyo mna mishipa ya fahamu inayoitikia mambo yenye kudhuru. Na waliodungwa asidi midomoni walichelewa kurudi kula, na baadhi yao walijisugua midomo katika changarawe. Wanachuoni hawajakubaliana kama hayo ni maumivu kwa maana ile aijuayo mtu. Lakini mashaka yana wajibu wake. Asiyejua kama nyuma ya pazia yumo mtu hatupi mkuki kwa hoja kwamba hajaona mtu. Sheria ya Ujerumani ya mwaka 1972 ya kuwalinda wanyama hutaka pawe na sababu yenye kukubalika na akili kabla mnyama hajatiwa maumivu. Immanuel Kant, ambaye hakuamini kuwa mnyama ana haki juu ya mtu, aliandika mwaka 1797 kuwa ukatili kwa wanyama hupunguza katika mtu ile huruma inayofaa sana kwa watu wenzake. Hata asiyemjali samaki, basi, hana budi kuujali moyo wake.

Deni hilo hulipwaje? Hulipwa kwa haja na kwa kipimo. Avuaye ili ale, au alishe nyumba yake, ana sababu inayosimama mchana kweupe. Avuaye ili ajipime, kisha amrudishe samaki majini, ana kazi ngumu zaidi ya kujieleza; na kama ataendelea, hana budi kupunguza madhara kwa kadiri awezavyo. Hapo mtengenezaji wa nyumbani ana uwezo ambao mnunuzi mara nyingi haufikirii. Aweza kuondoa ndoana ya ncha tatu akaweka ya ncha moja. Aweza kukibana kwa koleo kile kijino kinachozuia ndoana kutoka, ili itoke upesi bila kuchana. Hayo hayaongezi uzuri wa chambo kwa mtazamaji, lakini ni nakshi ya dhamiri.

Liko pia suala la risasi, lile zito la kijivu liyeyushwalo kwa urahisi. Watengenezaji wengi wamezoea kuliyeyusha jikoni na kulimimina katika vikalibu vya uzani. Vumbi na moshi wake hudhuru ubongo, hasa wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani husema kuwa hakuna kiasi cha risasi katika damu kijulikanacho kuwa salama. Mtu aweza kumtegea samaki ziwani akamnasa mwanawe mezani. Na vipande vidogo vikipotea majini huokotwa na ndege. Katika Uingereza mabata-maji weupe wengi walikufa kwa kumeza uzani wa risasi, wakidhani ni changarawe za kusagia chakula tumboni. Uuzaji wa uzani mdogo wa namna hiyo ulipigwa marufuku huko mwaka 1987. Kifo cha ndege hao chafundisha zaidi ya vitabu vingi. Hapana aliyekusudia kuwahadaa. Chambo kilitengenezwa pasipo mtengenezaji kujua, kikamnasa asiyetakiwa. Tena ziko metali nyingine zifaazo kwa kazi hiyo, kama bati, bismuthi na tungsteni, ingawa baadhi yake zina bei kubwa zaidi. Tofauti ya bei ndiyo kipimo cha deni: mtu hujulikana thamani ya huruma yake anapotakiwa kuilipia.

Pengine mtu atauliza kwa nini lawama iwe juu ya fundi wa nyumbani kuliko wengine. Nchini Kenya wako mafundi wafungao nzi bandia kwa manyoya na uzi, ambao huuzwa kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani. Vidole vyao vina ustadi mkubwa, lakini wengi wao hawatamwona samaki atakayenaswa, wala mto. Elimu ya kazi hiyo imegawanywa: mmoja afunga, mwingine auza, mwingine arusha majini. Uzito wa tendo umegawanywa vilevile. Fundi wa nyumbani hana mgawanyo huo. Mkono uliochonga ndio uliopaka, ndio uliorusha, ndio utakaoshika samaki akitapatapa. Ameyajua yote tangu mwanzo, na ajuaye yote hujibu kwa yote. Huo ni mzigo, na pia ni heshima, kwa sababu watu wachache siku hizi huuona mwanzo na mwisho wa tendo lao.

Imebaki hatari moja, nayo ndiyo kubwa kuliko zote. Plato, katika majadiliano yake yaitwayo Sophist, alitaka kueleza msofisti ni mtu gani, yaani yule auzaye hekima ya maneno. Alianza kwa kumweleza mvuvi wa ndoana. Wasomaji wengi wamedhani ni mfano mdogo wa mazoezi tu. Lakini upesi msofisti huonekana kuwa ndugu wa mvuvi, ila yeye huwavua vijana wenye mali. Mbele zaidi Plato hugawanya sanaa ya kuigiza mara mbili: ile ishikayo vipimo vya kweli vya kitu, na ile ibadilishayo vipimo ili kitu kionekane kizuri kwa atazamaye. Chambo bandia ni cha namna ya pili. Hakitafuti kuwa samaki; hutafuta kuaminiwa na jicho lenye njaa.

Basi ustadi huu hauna ukuta wa kuuzuia ubaki majini. Ajuaye kuwa kiumbe huongozwa na alama chache, kuwa udhaifu huvuta, na kuwa njaa haichunguzi, amejua jambo linalowahusu pia wanunuzi, wasikilizaji na wapiga kura. Lakini atokapo kwa samaki akaenda kwa mtu, hukumu hubadilika. Mtu huweza kuamini. Ana neno, ana ahadi, ana haki ya kuambiwa. Rangi ile ile iliyokuwa hila ziwani huwa uongo sokoni. Aliyempaka samaki wa mti hakukosa. Aliyeyapaka maneno kwa ustadi huo huo amevunja amana ambayo samaki hakuwa nayo.

Kipimo cha kutofautisha si kigumu. Mchezaji wa bao akizidiwa aweza kuonyeshwa hila iliyomshinda, naye akacheka na kucheza tena. Msomaji wa hadithi ajua kuwa ni hadithi, na utamu wake haupungui. Lakini ikiwa kazi fulani yaweza kufaulu kwa mtu pale tu ambapo mtu huyo hajui yaliyomo ndani yake, kazi hiyo ni chambo, hata kama imepakwa rangi ya elimu, ya ibada au ya mapenzi ya nchi. Mchonga chambo mwema hukijua kipande cha mti kilichomo ndani ya uzuri wake. Hakifichi mbele ya watu, wala hakijifichi mbele ya nafsi yake. Mwenye kuyashika hayo mawili aweza kuchonga usiku kucha, na asubuhi akauza samaki wake sokoni kwa mizani ya haki.